Zinaida Hakukimbia

Mwaka umetimia leo, Zinaida, tangu dhoruba ikufunike kwenye vichaka vya juu ya mto, na sisi wa ukoo wa Yaptik bado tuna hasira. Wengine wanaoweka kumbukumbu katika gazeti hili huandika kwamba Mungu alimpenda zaidi marehemu wao. Sisi na Mungu hatuna ugomvi. Waliokuacha tunawajua, na gazeti hili wanalisoma, maana linaletwa kwenye kituo cha biashara kwa helikopta pamoja na unga na chumvi.

Ila kwanza tuseme ulivyokuwa, kwa sababu wako wanaokusimulia bila kukujua.

Ulikuja kwetu bibi harusi wa mjini. Ulikuwa msusi kule Salehardi. Mama yako mzazi, Raisa, ni wa watu wetu, lakini alikulea ghorofani, na lugha yetu uliijua ya kuombea maji tu. Kaka yetu Edeiko alikwenda mjini kung’oa jino, akarudi na jino lake bovu na mchumba. Mama yetu, Savane, alikutazama ukishuka kwenye sleji ya kuburutwa na kulungu, na viatu vyako vyembamba na sanduku jekundu la magurudumu, akashika kiuno.

“Hayo magurudumu, mwanangu, utayaburuta wapi kwenye theluji hii?”

“Nikiwachoka, Mama, nitalibeba kichwani nirudi nalo kwetu,” ukamjibu, na hata kuamkiana hamjamaliza.

Mama alicheka mpaka machozi yakamtoka. Jioni ile alikukatia ini kwa mkono wake, likiwa bado na joto la mnyama, ukalila kwa macho yaliyofumbwa ukasema ni tamu. Uongo mtupu, na sote tulijua, na ndiyo siku tuliyoanza kukupenda.

Huku kwetu hema ni la mwanamke. Yeye ndiye hulisimamisha, yeye ndiye hulishusha pale kundi la kulungu likihama. Mara ya kwanza ulipolisimamisha peke yako lililala upande mmoja. Mama alilizunguka polepole. “Hili hema linakwenda wapi? Mbona limetangulia na sisi hatujafunga mizigo?” Ukalibomoa na kuanza upya, huku ukilitukana kwa Kirusi ili Mama asielewe. Mama alielewa yote, Zinaida. Alikuwa anajifanya tu, kwa sababu matusi mengine alikuwa hajapata kuyasikia na alitaka uendelee.

Ulikuwa mbishi. Ulipoambiwa mwanamke haruki kamba ya kukamatia kulungu, ulisema kamba yenyewe imelala katikati ya njia, basi upite wapi, juu ya paa? Mama akaifukiza kamba kwa moshi kuitakasa, akanung’unika, akakuonyesha pa kupita. Siku iliyofuata uliiviringa kamba ukaitundika mahali pake, na tangu hapo hakuna aliyeikuta njiani. Asubuhi ulimsuka Mama nywele, taratibu, na ulipogundua kwamba anaumwa shingo ukawa unamkanda bila kuulizwa. Mumeo alikuwa halali mpaka umemsimulia habari za wateja wako wa mjini, nani ameachwa na nani amejipaka rangi gani. Siku hizi halali kabisa.

Na sanduku. Hapa tunaomba wasomaji wasome polepole. Sanduku lile jekundu ulilitoa nguo zote ukazigawa. Mimi wifi yako Alla nilipata sketi ambayo sijui nitaivalia wapi. Ukalifanya la kuwekea vijiti vikavu vya kuwashia moto, kwa sababu lilikuwa halipitishi unyevu. Kambi nzima ilicheka. Baridi ilipoingia, moto wako ndio ukawa wa kwanza kuwaka asubuhi, na wale wale waliocheka wakaja kubisha mlangoni wakiomba vijiti. Nyura, mke wa Timofei, alikuja zaidi ya wote. Ulimfungulia sanduku, ukamjazia mikono yote miwili.

Timofei ndiye msimamizi wa kikundi chetu cha wafugaji. Pikipiki za theluji na petroli ziko chini yake. Ana mtoto wa kiume aliyeoa mjini, na mke yule alirudi kwao kabla hata ya kumaliza kiangazi. Tangu hapo, kwa Timofei kila mwanamke wa mjini ni msafiri. Alikuwa anakuuliza mbele za watu, “Wewe, bado upo?” Ukamjibu, “Nipo, unanitakia nini?” Wengine walicheka. Yeye hakucheka, na hakusahau.

Mama alikufundisha mengi, ila moja alilirudia kama wimbo. “Dhoruba ikikukuta nje, usitembee. Kaa. Laza sleji ubavu, upe upepo mgongo, ingiza mikono ndani ya koti, ngoja.”

“Na nyinyi mtajuaje nilipo?”

“Kutafuta ni kazi yetu. Yako ni kukaa.”

Siku ile Edeiko alikuwa malisho ya mbali na kundi. Kuni ziliisha. Ulifunga kulungu watatu kwenye sleji, ukaweka shoka na sanduku lako, ukamwambia Mama unakwenda vichaka vya juu ya mto, kaskazini, na kwamba akisikia njaa asiguse mkate kwa sababu unataka kuukata wewe mwenyewe. Mkate huo ulikuwa wa kwanza kutoungua.

Upepo ukaja kutoka upande wa bahari. Hatuna haja ya kueleza dhoruba kwa watu wa nyika hii ya Yamali. Tulishikilia nguzo za hema kwa mikono. Mama hakulia. Alisema, “Anajua la kufanya,” akasema tena, akaendelea kusema mpaka nikatamani anyamaze.

Upepo ulipotulia, Mama alikwenda kwa Timofei kabla hajavaa sawasawa. Nilikuwa nyuma yake, kwa hiyo niandikayo niliyasikia.

“Timofei, mkwe wangu hajarudi. Yuko vichakani juu ya mto. Washa pikipiki.”

Nyura alikuwa ameshapita hemani kwetu, akachungulia. “Sanduku lake halipo,” akasema.

“Halipo kwa sababu lina vijiti! Wewe Nyura, vijiti ulivyoomba juzi vilitoka wapi? Vilitoka mfukoni mwangu?”

Nyura akautazama moto wake.

“Mama Savane, kunywa chai kwanza,” akasema Timofei, kwa upole ule wa mtu ambaye ameshaamua. “Mwanamke akibeba sanduku haendi kuokota kuni. Huyo yuko kituoni anangoja helikopta. Nitatuma mtu akambembeleze, kwa heshima yako.”

“Heshima kaa nayo. Nataka pikipiki iende juu ya mto.”

“Petroli iliyopo ni ya safari moja. Siwezi kuimwaga kumtafuta mtu mahali ambapo hayupo.”

“Nani kakuambia hayupo?”

“Wote hukimbia, Mama. Usijitese.”

Pikipiki ikaenda kusini, kituoni. Wewe ulikuwa kaskazini.

Kulungu wetu wa kuvuta sleji walikuwa wametawanyika na dhoruba, basi Mama akatoka kwa miguu. Nilimfuata. Theluji mpya ilikuwa laini, tukazama mpaka mapajani, Mama akawa anakuita kila akitoa mguu mmoja. Alianguka mara nyingi. Mwishowe hakuweza kunyanyuka, nikambeba mgongoni, akanipiga mabegani kwa ngumi njia nzima akiniambia nimgeuze. Sikumgeuza, ningewazika nyote wawili, wewe na yeye. Tulirudi tukamkuta mtu wa Timofei ameshafika kutoka kituoni. Hukuwako huko. Mwenye duka alimwambia hakuna helikopta iliyotua tangu kabla ya dhoruba. Kila mtu alisikia. Timofei akafikiri kidogo, akasema, “Basi amepata lifti kwa watu wengine,” akaingia ndani kula.

Aliyekupata ni mumeo. Aliwaona kulungu wako watatu wakiwa na hatamu zilizokatika, wamejiunga na kundi lake kule malishoni, na hakungoja kuulizwa wala kuelezwa. Alikwenda moja kwa moja vichakani.

Ulikuwa umekaa. Sleji imelazwa ubavu, mgongo wako kwenye upepo, mikono ndani ya koti, sawasawa kama ulivyofundishwa. Mbele yako palikuwa na majivu ya moto mmoja, pembeni mengine, na mengine. Ulichoma vijiti vyote. Ulichoma kuni ulizokata. Halafu ukalichoma sanduku lenyewe, maana Edeiko aliokota vitasa vyake viwili majivuni. Alivileta, akaviweka mbele ya Timofei. Na daktari aliyekuja kuandika cheti alisema moto wa namna ile hauwashwi ndani ya dhoruba. Uliwashwa baadaye, katika utulivu, na mtu aliyekuwa hai, akitaka aonekane.

Mnasikia? Alikuwa hai. Alikuwa hai wakati chai inanywewa. Pikipiki ilimpa mgongo ikaenda zake, na yeye anawasha moto.

Na wewe pia, Zinaida, tuache tukukasirikie kidogo, kwa sababu hili tumelibeba mwaka mzima. Ulibisha kuhusu kamba, ulibisha kuhusu magurudumu, ulibisha hata kuhusu jina la mbwa. Kwa nini siku ile moja ndiyo ukatii? Ungetembea. Ungetubishia mara moja tu, ukashuka na mto ukapiga kelele, huenda tungekutana nawe njiani tulipokuwa tunazama. Lakini Mama alikuambia ukae, nawe ulimwamini. Neno hilo Mama anaamka nalo na kulala nalo. Tumemwambia mafundisho yake hayakuwa na kosa, kilichokosekana ni pikipiki. Anaitikia, kisha anatazama juu ya mto.

Baada ya mazishi Timofei alileta paja la nyama. Mama hakulipokea. Ndipo Timofei akatukumbusha, kwa sauti ya mtu mwema, kwamba sisi watu wa nyika hatutaji jina la aliyekufa, basi tuyaache, tusimsumbue marehemu. Ni kweli, hatutaji. Mama mwenyewe hajamtaja mama yake mzazi kwa jina tangu azikwe, humwita “yule aliyenizaa.” Tukanyamaza, kwa adabu. Tukanyamaza majira yote ya joto, na katika ukimya wetu maneno yao yakanenepa. Tukaanza kuyasikia kwenye kambi za watu tusiowajua: mke wa mtoto wa Yaptik alikimbia, akagandia njiani. Yule wa mjini. Yule wa sanduku. Jina halitajwi, lakini uongo una ruhusa!

Wiki iliyopita tulikuwa dukani kituoni. Timofei alikuwa amekaa karibu na jiko, anawasimulia marubani wawili wageni. “Wasichana wa mjini hawa,” akawaambia, “mmoja alitutoroka mwaka jana, maskini, hakufika mbali.”

Mama aliweka mfuko wa unga chini.

“Zinaida,” akasema.

Mwenye duka aliacha kupima sukari. Sijawahi kumsikia Mama akisema neno kwa sauti ile, kwa maana alichokifanya kwake ni jambo zito.

“Zinaida Yaptik, mke wa mwanangu. Hakukimbia. Alikwenda kuniletea kuni, akakaa akatungoja.”

“Savane, usimwite,” akasema Timofei, amesimama. “Unajua mila. Utamsumbua.”

“Alisumbuka akiwa hai, Timofei, akiwasha moto. Sasa sumbuka wewe.” Akamsogelea. Mama anamfika kifuani tu. “Umesema alitoroka. Haya, mtaje. Sema jina lake, halafu sema alitoroka. Yote mawili kwa pumzi moja, mbele ya watu hawa.”

Timofei alitazama marubani, akatazama Nyura aliyekuwa mlangoni, na Nyura akageuza uso. Alichukua kofia yake akatoka, chai yake ikabaki juu ya jiko.

Ndiyo sababu tumeandika haya, na ndiyo sababu tumeliandika jina lako juu kabisa. Wazee watakaokasirika waje wamwone Mama.

Wanaokukumbuka ni mumeo Edeiko. Mama mkwe wako Savane, anayesema mkate ule hakuugusa. Mama yako mzazi Raisa, wa Salehardi. Na wifi yako Alla, ambaye sketi ataivaa leo ndani ya koti la ngozi, na atakayecheka acheke. Watu wote wanakaribishwa chai hemani kwetu. Timofei na Nyura wasije, mpaka siku watakayoweza kusema ulikuwa wapi.

Wengine humaliza kwa kuahidi kwamba daima watakumbuka. Kukukumbuka hata kimya kinaweza, na kimya tumekichoka. Sisi tutakutaja, Zinaida. Tutakutaja kwa sauti, kila kambi tutakayofika, kila moto tutakaouwasha. Ulitungoja na hatukuja. Hilo watalisikia maadamu mmoja wetu ana pumzi.