Tambi Zinazonuka Sabuni

Malvern, Johannesburg

Mdogo wangu Amani,

Habari za Uvira? Goti la Mama limepata nafuu, au bado anashika ukuta akipanda ngazi za kanisa? Sisi tuko, ingawa baridi imeanza kuuma. Baba Neema bado analinda geti kule Midrand, mimi niko na spaza yetu, kiduka cha mtaani, hapa Jules Street. Watoto nawauliza kwa Kiswahili, wananijibu kwa Kizulu.

Ujumbe wako umeninyima raha. Eti unaacha ualimu uwe wakala wa tambi za pakiti, zile za Asia zenye picha ya jogoo? Soma barua hii yote kwanza, ndipo uende kwa mkuu wa shule.

Désiré aliyekupigia simu tunaimba naye kwaya. Alianza kwa kuniletea katoni za tambi dukani, na hadithi yake tamu: mwenye kampuni alikuwa maskini akiuza tambi kwa baiskeli, akagundua kwamba zikikaangwa kwenye mafuta zinakaa miezi. Sasa watoto wake wanatafuta mawakala Kongo. Wenzangu wa kwaya walimsikiliza kama mhubiri. Mimi nilijiuliza kwa nini kampuni kubwa hivyo itafute watu kwenye kwaya.

Kisha bibi wa nyumba ya jirani akarudisha pakiti. "Hizi zinanuka sabuni," akasema. Nilichemsha moja, kweli ikanuka sabuni ya kufulia.

"Ni ladha mpya, dada," Désiré akanijibu.

Nilizitoa zote dukani. Siku hizi mtoto akiumwa tumbo baada ya kula kitu cha spaza ya mgeni, mtaa mzima unasimama mlangoni.

Nikabeba katoni moja hadi Midrand, kwa kampuni inayoziingiza nchini. Mama wa ofisini akaigeuza, uso ukabadilika.

"Hii ilikuwa kwenye ghala lililoingia maji, pamoja na sabuni za unga. Tulimlipa mtu akaitupe."

Nilipomuuliza kuhusu mzee wa baiskeli, alicheka. "Walioanza ni ndugu wawili wenye kinu cha ngano. Unga haukununuliwa, wakaugeuza tambi." Wakala wa Kongo hawana, wala hawatafuti.

Baada ya mazoezi ya kwaya nilimkabili Désiré. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha.

"Usimzibie mdogo wako njia," akasema kwa upole.

"Namba yake ulipewa na nani?"

"Na wewe."

Sikumpa, Amani. Aliwahi kuazima simu yangu, akasema ya kwake imezima. Namba za nani wengine alizichukua humo, sijui. Sasa kila anayeniambia "dada" natazama mikono yake.

Jumapili hakuonekana. Wengine kanisani wananinunia, wanasema nimemfukuza kwa wivu. Jana fundi cherehani wa jirani ameniambia Désiré amesafiri kuja huko, na mzigo.

Ualimu usiuache. Msalimie Mama, na mjomba fundi baiskeli, na shangazi muuza samaki, na mkeo. Waambie nawapenda, na waambie na hili: sijamtuma mtu yeyote kwenu. Akija mtu mlangoni na salamu zangu, msimfungulie.

Mimi dada yako,
Furaha