Picha Niliyoizima

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limetulia na usingizi unakuja bila kubembelezwa. Mimi sijambo, ila kazi imenibana. Programu tunayoitengeneza sasa inapima mtu anakaa muda gani ameikodolea macho skrini, halafu inatafuta namna ya kumfanya akae zaidi. Ndiyo kazi niliyosomea.

Kwa hiyo ile simu aliyokununulia wifi sikuipenda tangu siku ya kwanza, na si kwa sababu imetoka kwa wifi. Sawa, kidogo ni kwa sababu imetoka kwa wifi. Lakini mimi navitengeneza vitu hivi, Baba. Ni kama mpishi anayejua kwa nini yeye mwenyewe hali hotelini kwake. Ukiongea kwa simu ya picha, kuna kompyuta mahali inajua umeamka saa ngapi, uko na nani na mmeongea kwa muda gani. Haikutozi hela, inakuchukua wewe. Ndiyo maana mimi sipokei simu ya picha ya mtu yeyote, na nakuandikia barua. Barua inachelewa, lakini hakuna anayeichungulia.

Kinachoniuma ni kingine. Nikikupigia simu ya kawaida, hata hatujasalimiana vizuri unasema "ndiyo, ndiyo, haya mwanangu," unakata. Juzi nilikuambia nimepandishwa cheo, ukanijibu kwamba huko mvua haijanyesha. Lakini kaka ananiambia kila jioni unacheka na mke wake kwenye picha mpaka chai inapoa. Mnacheka nini? Mwanao ni mimi.

Mwanao wa kike, wa pekee

15 Machi

Mwanangu fundi,

Marahaba. Goti linalalamika asubuhi tu, mchana linasahau. Na wewe ule, usikae na njaa mbele ya hizo mashine zako.

Nimesoma yote kuhusu kompyuta inayonijua. Iache inijue. Maisha yangu yote nimesaga unga wa watu. Ikichungulia itaona napunguza sukari mbele ya picha na kuiongeza simu ikishazimwa. Sina siri zaidi ya hiyo.

Wifi yako (yule wa ndoa, si ule wa mtandao) usimwonee kijicho. Anaisimamisha simu mbele ya kioo cha saluni, anasuka na mimba yake huku anaongea, ananipa habari za wateja wote. Kuna mmoja ametaka asukwe kama mke mwenzake, ila apendeze zaidi yake. Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Na ukipandishwa cheo uniandikie, usinipigie. Maandishi nayashika vizuri zaidi. Hongera sana.

Baba yako

2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima wa mwili, moyo ndio una homa.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta mahali uliposema umenikumbuka. Nimekuta mke mwenza na nywele zake. Jumapili nikakupigia, ukasema "haya, haya," ukakata. Muda si mrefu namuuliza kaka, ananiambia uko hewani na mke wake, mnacheka. Baba, mimi ndiye niliyekuwa nakushikia mdomo wa gunia ukimimina unga, tukirudi nyumbani sote weupe mpaka kwenye kope. Wifi alikuwa wapi siku hizo? Nimelia jikoni kama mtoto aliyenyang'anywa kijiko.

Sasa nimefanya jambo, na nakuambia waziwazi. Akaunti ya simu yako niliifungua mimi, kaka aliponiomba, na neno la siri ninalo mimi. Leo nimezima simu za picha kutoka hapa mezani kwangu, kwa ile njia ambayo wazazi huchungia simu za watoto. Simu ya kawaida haina shida. Ni kwa usalama wako. Utasema ni wivu. Haya, wivu nao umo. Sasa wote tutakupigia kwa sauti tu, tuone nani atakatwa kwanza.

Mwanao

9 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na hasira. Barua za hasira nimeshaandika mbili, nikazichana.

Barua yako ilikaa njiani zaidi ya wiki mbili. Picha zilizimika siku ileile uliyoiandika. Mimi nikajua simu imeharibika tu. Katikati hapo wifi yako akajifungua kabla ya wakati. Mtoto akawekwa kwenye chumba cha joto, madaktari hawaahidi kitu. Akanipigia kwa sauti, analia, ananiambia niwaombee. Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Vizuri, vizuri, mimi nimekula nimeshiba." Kisha nikakata.

Mwanangu, sisikii. Mashine ya kusaga imenila masikio polepole, na siku hizi simu nikiiweka sikioni napata mvumo tu. Nabahatisha. Nakata mapema kabla hujanigundua. Lakini mdomo nausoma. Kwenye kinu hakuna aliyekuwa anasikia, tulisomana midomo kutoka kwenye mizani mpaka mlangoni. Na wifi yako naye kutwa anaongea na wanawake walio chini ya mashine ya kukaushia nywele, kwa hiyo amezoea kulipanua kila neno. Mara ya kwanza tulipoonana kwenye picha nilimwelewa mwanzo mpaka mwisho. Kicheko changu kilikuwa cha kuelewa. Yule mke mwenza alikuwa nyongeza.

Kwa nini sikukuambia? Wewe hutaki picha. Ungejua sisikii, ungeacha kupiga. Mimi nilipenda upige, nione jina lako linawaka, hata kama nitaishia kusema ndiyo, ndiyo.

Mjukuu wangu amepona, ameshatoka hospitali. Kaka yako alikuja kunigombeza kwa jibu lile, ikabidi nimwambie ukweli wa masikio. Habari ya nani alizima picha sijamwambia, wala mkewe hajui. Wanadhani simu iliharibika.

Umenichunga kama mtoto, na mimi nimekuficha mambo kama mtoto. Fungua picha.

Baba yako

22 Mei

Baba,

Shikamoo. Barua yako imefika leo. Nimefungua picha kabla sijakaa kuandika. Sitangoja hii ikufikie. Jioni nitakupigia mwenyewe, kwa picha. Sijui uso nitauweka wapi.

Mwanao

24 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nimekuona. Umekonda, na una mvi moja ambayo nadhani hujaigundua. Nilifurahi mpaka nikasahau kupika.

Lakini uliyosema sikupata hata nusu. Unaongea haraka, umeinamisha kichwa, na ulipoanza kulia ukaufunika mdomo kwa mkono. Nikaitikia tu, kama siku zote. Sitaki kukuitikia hivyo tena. Muulize wifi yako anafanyaje. Mimi kusoma najua, kufundisha siwezi.

Baba yako

7 Juni

Wifi,

Habari za malezi? Mtoto ananyonya vizuri, anaongezeka? Na wewe mwili umerudi, unapata hata lepe la usingizi? Hii ni mara ya kwanza nakuandikia, na nadhani unajua kwa nini ilichukua muda wote huu.

Nilikuonea wivu. Si kidogo. Uliingia kwetu juzi tu, ukampata baba yangu kila jioni, mimi nikabaki na "ndiyo, ndiyo." Simu yake haikuharibika. Niliyezima picha ni mimi, kusudi, nikaiita usalama. Ulipompigia unalia akakuambia ameshiba, hakukusikia kwa sababu ya masikio yake, na hakukuona kwa sababu yangu. Hatari za ile simu naweza kukueleza moja moja, na zote ni za kweli, hata leo naziamini. Hakuna hata moja iliyonifanya niizime. Niliizima kwa sababu yako.

Baba hajakuambia, na hakunituma nikuambie. Nimetaka ujue kabla sijakuomba kitu.

Naomba unifundishe kuongea naye. Nimesimama mbele ya kioo nikipanua maneno, naonekana kama samaki aliyetolewa majini, na sijui nakosea wapi. Inaniuma kwamba wa kuulizwa ni wewe, sitakudanganya. Lakini nilimwona baba akinitikisia kichwa kwa yale ambayo hakuyaelewa, na hilo liliniuma zaidi.

Ukinikasirikia, una haki. Ukipata nafasi, hata ukiwa umempakata mtoto, nipigie kwa picha. Sijawahi kupokea simu ya picha ya mtu yeyote. Yako nitapokea.

Wifi yako