Mama, Kitovu Hakikuwa na Kosa

Mpendwa mama,

Shikamoo. Nimenyamaza kidogo baada ya neno hilo, kama ulivyonifundisha, kusubiri marahaba yako. Huu ni mwaka wa tatu siipati, lakini nimeshazoea kusubiri.

Nakuandikia nikiwa barazani kwako, hapa Viwanja Sitini, pembeni ya cherehani yako. Siku hizi anaitumia Anastazia, mkwe wako, ingawa ungemwona ungesema anakanyaga pedeli kama anaua siafu. Nina habari ambayo ilipaswa ikufikie ukiwa hai. Imechelewa, na kuchelewa kwake kunaniuma kuliko ninavyoweza kusema.

Unayakumbuka mashati ya mifuko miwili? Nilikuwa kidato cha pili, nimerefuka miguu hadi suruali zikawa zinaishia juu ya vifundo, na kifua kikaanza kujaa kama cha msichana. Wenzangu wakienda kuoga mto Lumemo, mimi nasingizia homa. Wewe hukuniuliza kitu. Ulinunua kitambaa kizito, ukanishonea shati lenye mifuko mikubwa miwili kifuani, na ukatia kitambaa kingine ndani yake. "Vaa," ukasema. "Mwenye mifuko miwili ni mtu wa ofisini." Nikaamini kabisa! Nikaweka kalamu mfuko mmoja na rula mwingine, nikaenda shule najiona karani. Baadaye nilielewa mifuko ile ilikuwa inaficha nini, na nikakupenda zaidi.

Nakumbuka pia msimu wa kuamia ndege wasile mazao. Tulikuwa tunavuka mto na kukaa wiki nzima kwenye kibanda cha shambani, mimi na manati yangu, wewe na debe lako la kugonga. Saa nane mchana, jua likiwa kali na kwelea wamepumzika, akina mama wote wa mashamba ya jirani walijilaza. Wewe hapana. Utapalilia pembeni, utachambua mboga, utarudia kufua nguo iliyokwisha takata. Nikakuuliza, "Mama, mbona wewe hulali?" Ukanijibu, "Nikilala mimi, ndege nao watalala?" Watu walikusifu kwa kutochoka, na mimi nilijivuna kwa sifa zako. Maisha yangu yote sikukuona ukisinzia mchana.

Sababu yake ulinipa wiki ile ya mwisho, umekaa kitandani nakunywesha uji. Ulikiweka kikombe pembeni. Ukasema siku ya sita baada ya kunizaa ulikuwa umenipakata ukininyonyesha, mchana, ukasinzia. Ulipoamka kitovu kilikuwa kimekatika, kimeniangukia sehemu za siri. Kila mzazi wa kwetu huonywa kuhusu hilo: kitovu kikimwangukia mtoto wa kiume hapo, uanaume wake umekwisha. "Sikumwambia hata bibi yako," ukasema. "Ndevu hukuota, kifua kikawa vile, na sasa mna miaka minne ya ndoa bila mtoto. Ni mimi, mwanangu. Nilisinzia."

Nilikujibu, "Yamepita, mama." Lakini sikusema "si wewe." Nilikuamini, na moyoni nilikasirika. Nilikuzika nikiwa na kinyongo kidogo, na hicho ndicho kinachonitoa machozi ninapoandika sasa. Naomba unisamehe.

Kinyongo hicho kiliniponza. Anastazia alikwenda kupimwa, akaambiwa yuko salama, akanibembeleza na mimi niende. Nilikataa. Nilimwambia nina kazi, nilimwambia foleni ni ndefu. Ukweli ni kwamba nilijua jibu, na sikuona hospitali gani inatibu kitovu kilichoanguka vibaya.

Kilichonipeleka ni baiskeli. Mwaka huu niliteleza nikitoka mashineni na pumba, nikaanguka anguko dogo tu la kuchekesha, mkono wa kushoto ukavunjika kama muhogo mkavu. Daktari, mama mtu mzima, aliitazama picha ya mfupa muda mrefu. Akasema mifupa yangu ni myepesi kuliko ya mtu wa umri wangu. Kisha akanitazama mimi, miguu, mikono, kidevu.

"Kaka, ndevu unanyoa mara ngapi?"

"Kwa mwezi au kwa mwaka, daktari?"

Alicheka, mimi nikacheka, halafu akaniomba nivue shati. Nilikuwa nimevaa lenye mifuko miwili, maana mpaka leo sivai jingine. Akanipima kifua, akaomba kupima na korodani, akaona ni ndogo sana. Akauliza kuhusu watoto, na kuhusu shule, kama nilichelewa kujua kusoma. Nikamweleza ulivyokuwa ukinikalisha na kitabu cha sala mpaka herufi zikanikaa. Akachukua damu. Homoni ya kiume ilikuwa chini sana. Damu nyingine ikapelekwa Dar es Salaam kuangaliwa kromosomu, tukasubiri wiki nyingi.

Majibu yalipokuja alimwita na Anastazia. Akasema wanaume wengi wana kromosomu X moja na Y moja. Mimi nina X mbili na Y moja. Nimezaliwa nayo. Hali hiyo ina jina refu la kizungu, na wanaume wengi wanaishi nayo hadi uzee bila kujua, kwa sababu hawavui mashati mbele ya daktari.

Nikamuuliza, "Na kitovu je?"

Hakunicheka. Alisema, "Ilianza mimba ilipotungwa, kabla mama yako hajajua hata kama ana mimba. Hakuna alichofanya, hakuna alichoacha kufanya. Mimi nina watoto watatu, na sijui hata kitovu kimoja kiliangukia wapi."

Nililia pale pale. Anastazia alidhani nalilia mtoto, akanishika bega. Nilikuwa nakulilia wewe, na michana yote ile.

Sasa nachomwa sindano za homoni. Mwili una nguvu, na kidevuni pameanza kuchoma choma, ungecheka. Sindano hazileti mtoto, daktari amesema wazi. Kuna hospitali kubwa zinazoweza kujaribu njia nyingine, bila ahadi. Anastazia amesema, "Tutakwenda tukiwa tayari, na tusipopata, nimeolewa na wewe, sikuolewa na mtoto." Nimeiacha barua hii wazi ili isomwe na mwanaume mwenye mifuko yake miwili huko Mang'ula au Masagati, aende akapimwe. Na isomwe na mama aliyenyamaza kama wewe.

Ni saa nane mchana, mama. Jua ni lile lile la kule shambani. Nimekutandikia mkeka wako hapa barazani, na cherehani nimemwomba Anastazia aiache kidogo, isipige kelele. Ulikuwa umechoka, ukasinzia, basi. Lala sasa.

Mwanao,
kitindamimba wako