Ruhusa ya Kwenda Kowa

Jumatano, 5 Novemba 2025

Joto gani hili! Mvua ilinyesha mara moja tu, ikatuacha. Estelle na mdogo wake Christiane wananing'ang'ania niwapeleke tena mtoni Kafubu. Nimesema Jumapili, baada ya misa, nami nikiwepo. Masharti ni yale yale: maji yasipite kiuno, hakuna kujirusha kichwa mbele, wingu likifunga tunatoka. Na lile shimo la wachoma matofali nyuma ya mtaa — marufuku! Kingo zake ni udongo unaoteleza, hakuna pa kushika, na chini maji ni baridi kabisa. Estelle amecheka, eti yeye si mutoto. Miaka kumi na minne, kuelea kwenyewe bado anajifunza.

Jumamosi, 8 Novemba

Estelle amekufa. Kwenye shimo. Siwezi kuandika.

Jumatatu, 10 Novemba

Tumemzika. Uani wamefunga bashi la turubai, wanaume wamekaa chini yake. Sisi ndani kwenye mikeka. Ruphin, mume wangu, hali chakula. Mama yake, bibi wa watoto tunayemwita Kaku, hajauachia mkono wangu. Siku ile mimi nilikuwa sokoni, Ruphin kazini, yeye ndiye aliyebaki na watoto. Estelle alichukua jina lake, Ntumba. Kaku anawaambia wote wanaoingia kwamba mtoto alitoroka.

Jumanne, 11 Novemba

Stéphane, kaka yake Ruphin, ameuliza mbele ya watu nani alimpa mtoto ruhusa. Halafu akanigeukia. Ni mimi niliyewazoesha maji, amesema, watu wa kwao hawana tabia hiyo. Niliwafundisha ili wasife!

Jumatano, 12 Novemba

Christiane amenivuta nyuma ya jiko. Estelle hakutoroka. Aliaga. Kaku alikuwa anatwanga majani ya sombe, Estelle akasimama mbele yake akasema: "Kaku, niko naenda kowa." Na Kaku, bila kuinua kichwa, akamjibu aende, asugue vizuri miguu.

Nimekaa chini kwenye vumbi.

Kwetu, kwa Kibemba, kowa ni kuogelea, basi. Ni mimi niliyewapa watoto neno hilo, mtoni. Kwao Kaku, kule Kasai, kuowa ni kuoga — ndoo, sabuni, nyuma ya nyumba. Mtoto wangu alipata ruhusa. Shimo nilimkataza, ndiyo, lakini hakutoroka: aliaga na moyo mweupe, maskini! Na Kaku alimruhusu akaoge.

Nikisema, Stéphane ataacha kunilaumu. Lakini Kaku? Mama huyu alinipokea wakati ndugu zake wote walikuwa wananikataa. Itamuua. Nimemwambia Christiane anyamaze. Amelia, akasema basi watu wataendelea kumwita dada yake mutoto mubaya.

Alhamisi, 13 Novemba

Kikao cha familia, sebuleni. Mimi wamenituma chumbani, lakini mlango uko wazi na nasikia yote. Naandika ili nisipige kelele.

Stéphane amesema Christiane ahamie kwake, eti hapa hakuna mtu wa kuchunga mutoto. Ruphin! Sema kitu!

Kaku ndiye aliyesema. Amekataa, ameomba kwanza wamwite Christiane. Sauti yake ni ndogo, haitetemeki.

"Christiane, ulikuwa pale. Estelle alinisemea kintu mbele ya kutoka. Njo ile neno niko natafuta mu kichwa, siione. Alinisemea nini?"

Kumbe amekuwa akilitafuta siku zote hizi, huku amenishika mkono.

Christiane amekuja hadi mlangoni kwangu, amesimama peku, ananitazama. Nyuma yake namwona Stéphane ameinuka kitini, na Kaku amenyoosha shingo kutusikiliza.

"Mama," ameniuliza, "niseme?"