Hizo Waya

Sarang'ombe, Kibera
3 Machi 2024

Mwanangu Mutanu,

Uniwie radhi kwa kimya changu kirefu. Macho yamechoka, nami nimechoka pamoja nayo. Natumaini hamjambo huko Kawangware na kikohozi cha mtoto kimepoa.

Umeniuliza kuhusu kebo ya runinga. Mvua ikinyesha picha hutoweka, na Shiundu, fundi wake, haji mpaka abembelezwe. Wewe wataka "nistream" kwa intaneti. Kitiririkacho, mwanangu, ni maji. Nyuma ya nyumba yangu hutiririka mtaro, nao haunifurahishi. Je, niiache kebo? Nijibu kwa Kiswahili kinachoeleweka.

Babako,
Musembi

Kawangware
9 Machi

Sasa Baba,

Huku tuko poa, mtoto amepona. Wewe mwalimu utanimaliza na hiyo sarufi, na ulistaafu kitambo! Nimekununulia kifaa cha intaneti, jirani yangu Lazarus atakuletea Jumamosi. Achana na kebo. Kata hizo waya, upumzike.

Msichana wako,
Mutanu

Sarang'ombe
21 Aprili

Mwanangu Mutanu,

Salamu kwenu nyote. Mimi ni mzima, ila sina raha.

Uliandika "hizo". Tangu utotoni nilikufunza kwamba "hizo" ni wingi. Nyaya mbili zilipita dirishani mwangu, nami nikamwamuru Shiundu akate zote mbili, naye akazikata na kuondoka nazo bila kuuliza. Wa pili ulikuwa wa jirani yangu, Mama Adero. Wajua nyonga ilimlaza kitandani. Runinga ndiyo inayomletea watu. Alidhani kebo imekufa mtaa mzima, akavumilia. Juzi kifaa chako kilipokubali hatimaye kuwaka, alisikia habari zikisomwa kwangu. Akagonga mabati kwa bakora.

"Mwalimu! Kumbe ni mimi tu nimekatiwa?"



Runinga yake ni kuukuu, haijui intaneti. Shiundu naye asema hawezi kuvuta waya mpya mpaka huku kwa ajili ya nyumba moja. Nirudi kwenye kebo nami, au tuikose sote. Nikirudi, ni yale yale ya mvua na kubembelezana, na uzee huu. Kwa sasa napandisha sauti ili asikie kupitia ukuta. Akichoshwa na siasa, hugonga, nami nabadilisha. Picha haoni.

Nikishaamua nitakuandikia. Nawe utakapojibu, tafadhali, andika "waya huo".

Babako,
Musembi