Nilimpelekea mwalimu wa tenda kuku, sufuria ikarudi imejaa

Mpendwa mshauri,

Naomba unisaidie na unisamehe mwandiko, shule niliacha darasa la tano na tangu hapo kalamu nimeishika zaidi kwa kusaini shifti kuliko kuandika, lakini jambo hili siwezi kumwambia mtu uso kwa uso, ndiyo maana nimekuja kwako wewe usiyeniona.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na minane, kwetu ni Taita, hapa Ilford, Uingereza, nina mwaka wa kumi na binti yangu Tatiana. Siku za kazi nasafisha maofisi, na Jumapili baada ya ibada napikia watu kanisani pamoja na wenzangu wawili, Madhu, Mhindi, jirani yangu wa ukuta mmoja, na Thérèse Mkongomani, ambaye samaki wake humfanya mtu asahau kwenda nyumbani. Mwaka jana watu wakaanza kutuita kwenye harusi na matanga, tukajipa jina tukawa kikundi. Basi Madhu akaona tangazo maktaba, kaunsili, yaani serikali ya mtaa ya huku, inatoa kozi ya bure, jioni za Jumanne sita mfululizo, ya kufundisha wenye biashara ndogo namna ya kuomba tenda za serikali. Akaniambia, "Mama Tatiana, nenda wewe, wewe ndiye unayeongea." Nikamwambia tenda ni za watu wenye tai. Akasema, "Tai tutakununulia."

Mshauri, nilikwenda na woga wangu, na nakuambia sijafurahi hivyo tangu nije nchi hii. Tulikuwa watu kumi na wanne, mafundi bomba, wenye magari ya kubeba watoto wa shule, bwana mmoja wa kukata miti, na mwalimu wetu Bwana Pravin anatoka ofisi ile ile inayonunua vitu vya kaunsili, mtu mpole, hakuna siku aliyonifanya nijione mjinga. Jumanne ya pili alitupa kampuni tatu za kubuni zinazoomba kuuza viti, akasema tuzipe maksi, mimi nikampa kumi juu ya kumi yule aliyeandika kwamba mkewe ni mgonjwa, darasa likacheka mpaka na mimi nikacheka. Bwana Pravin akaniuliza, "Mama, swali lilikuwa nini?" Nikasoma, swali lilikuwa viti vitafika siku gani. "Na mke wake amejibu hilo?" Nikasema hapana. "Basi mpe sifuri, halafu umwombee." Nikaelewa siku ile ile, nikawa hata nyumbani nampa Tatiana maksi za kuosha vyombo.

Jumanne ya nne nilikosa, shifti ilibadilishwa. Jumanne ya tano akatutangazia wote kwamba kuna tenda imetoka ya kupika chakula cha mchana kwenye kituo cha wazee, siku tatu kwa wiki, na yeyote anaweza kuomba. Wiki nzima tulikaa mezani kwangu tunajaza fomu, Madhu anaandika, Thérèse anasema chumvi ya wazee ipunguzwe, mimi kazi yangu kuuliza, "Swali lilikuwa nini?" mpaka wakaanza kuniita Bwana Pravin. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na habari ya kuonja ambayo hatukuielewa vizuri, tukaweka alama ya ndiyo tukafunga bahasha.

Sasa sikia nilichofanya. Jumanne ya sita tulipewa vyeti, na mimi cheti changu cha kwanza maishani ukitoa cha ubatizo, nilikilaza mezani nikala chakula nakitazama. Kwetu mtu akikufundisha hivyo humwachi aende mikono mitupu. Kesho yake nikapika kuku wa nazi, nikachoma chapati kumi na mbili, nikafunga sufuria kwa taulo mpya, nikapanda basi mpaka ofisini, nikamwachia Surjit, mama wa mapokezi, nikamwambia ni ya Bwana Pravin, ni asante tu. Niko kituoni nangoja basi la kurudi, namwona Surjit anakuja mbio na sufuria, fundo langu halijafunguliwa. "Samahani, mpenzi, hawezi kupokea."

Mshauri, wewe unajua, kwetu chakula kikirudi hakijaguswa aliyekataliwa ni wewe. Nilipanda basi na sufuria mapajani, ya moto bado, inanukia mpaka watu wanageuka, mimi natazama dirishani kama si yangu.

Juu ya fundo walikuwa wamechomeka karatasi yenye namba. Tatiana alinisomea huku anamaliza chapati ya tatu. Inasema zawadi imerudishwa na imeandikwa kwenye kitabu cha zawadi, jambo hilo limeishia hapo, na wanangoja kupokea maombi yetu kama ya wengine wote, mwisho tarehe ishirini na saba saa sita mchana. Hayo ya mwisho najua ni adabu za Waingereza, hawawezi kukufukuza bila maneno matamu. Tatiana akasema kwa Kizungu chake kwamba mama, hiyo inaitwa hongo. Hongo, mimi, niliyetoka mahali ambapo hata kitambulisho ulikuwa hukipati bila kitu kidogo, nikaapa kwamba hapa sitafanya.

Jina langu sasa liko kitabuni, na kwetu jina likiingia kitabuni ni kituo cha polisi. Bahasha iko juu ya friji. Madhu na Thérèse sijawaambia, wananiuliza mbona nimenyamaza, nasema ni meno. Nafikiri nitoe jina langu wapeleke wao wawili, au tuache kabisa, nisije nikawaharibia kitu ambacho wamekilalia na kukiamkia. Au nimpigie simu Bwana Pravin nimwombe radhi, au nimpelekee keki, ndogo tu. Nifanye nini?

Mama Tatiana, Ilford

*

Mama Tatiana,

Kwanza iache hiyo keki.

Barua yako nimeitoa kwenye foleni kwa ajili ya tarehe ishirini na saba. Nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikicheka, ya pili nikitaka kuja Ilford nikutikise mabega. Pole kwa safari ile ya basi. Najua uzito wa sufuria inayorudi imejaa, na mimi pia ningetazama dirishani.

Nimemuuliza Norbert, jamaa yangu aliyefanya kazi miaka tisa kwenye ofisi ya namna hiyo, kazi yake kufungua bahasha. Kwanza alitaka kujua nazi ilikuwa ya kukuna au ya kopo. Kisha akasema somo la nne, lile ulilokosa, bila shaka ndilo la zawadi. Tenda ikiwa wazi, mtu atakayetoa maksi hapokei hata kikombe cha chai kutoka kwa mwombaji. Fikiri Bwana Pravin angekula bawa moja tu, halafu mshinde. Mtu yeyote angesimama aseme mmeshinda kwa bawa, na hakuna ambaye angewatetea. Sasa hakuna wa kusema hivyo. Kitabu unachokiogopa ndicho shahidi wako: ulileta, akarudisha, basi. Amemkataa kuku ili asije akalazimika kukukataa wewe.

Na hayo unayoyaita adabu, hebu tumia akili uliyofundishwa. Swali lako lilikuwa nini? Kama umefukuzwa. Karatasi imejibu kwamba wanangoja maombi yenu. Ofisi haiweki maneno matamu ya bure kwenye karatasi yenye namba. Jipe maksi uendelee.

Kosa lako, mama, ni meno. Madhu aliyekuahidi tai si mtu wa kumdanganya. Jina la kikundi ni la watu watatu, na wewe peke yako ulikuwa tayari kulitupa kwa sababu ya aibu yako, bila kuwauliza. Ukimaliza kusoma hapa, gonga ukuta, waite wote wawili, uwasomee karatasi ile. Watacheka. Waache wacheke, na Tatiana naye umwambie kwamba hongo huliwa kwa siri, haiachwi mapokezi na taulo mpya mchana kweupe.

Usimpigie mwalimu simu. Andika mistari mitatu kwa ofisi: kwamba karatasi umeipokea, kwamba hukujua, kwamba sasa unajua. Nakala ubaki nayo. Jina lako liache palepale lilipo kwenye fomu. Bahasha ipeleke tarehe ishirini na sita, usingoje ishirini na saba uanze kupigana na mabasi, na nje usiongeze neno, hata ua, zaidi ya kibandiko walichokupa. Mkabidhi Surjit, msalimie, omba risiti yenye saa, ondoka. Hata pipi usimpe.

Halafu ule ukurasa wa mwisho mliotia alama bila kuuelewa. Norbert alipousikia alipiga meza kwa furaha. Maana yake ni kwamba mkipita hatua ya kwanza mtaitwa kupika, na Bwana Pravin na wenzake watakaa mezani na kalamu, na kanuni zao wenyewe zitawalazimisha kula. Siku hiyo ifunge sufuria ile ile kwa taulo ile ile, ingia nayo kwa mlango mkubwa mbele ya Surjit, na chapati zisipungue thelathini.