Nyumba ya Itaka Haikuvuja

Jumanne usiku

Mkoa mzima wa Songwe utangaziwe: leo nimevaa tai. Mke wangu kaniuliza, "Baba Neema, unaoa tena?"

Nilikuwa naenda kwenye mkutano wa kijiji kuitetea nyumba ya zamani ya Itaka, inayotunzwa na kikundi chetu cha historia. Ilianza kama ghala la kahawa, ikawa zahanati, na mimi nilizaliwa humo. Kijiji kilitaka kuibomoa, wajenge vibanda vya biashara. Jana sikulala kwa hofu.

Sasa kila mtu ananipongeza kwa hotuba. Ukweli ni kwamba nilikuwa bado naeleza habari za ghala la kahawa, tumekaa nje mbele ya nyumba, mvua iliposhuka, tukakimbilia ndani yake sote. Halikudondoka hata tone. Mwenyekiti wa kijiji akatazama dari weee, kisha akasema, "Ofisi yangu mpya saa hizi ni bwawa. Hii iacheni."